Madebe Mawili kwa Kila Nyumba

Nimehama mara nyingi mno, hata mtu akiniuliza kwetu ni wapi humtazama kwanza nijue anataka jibu gani. Nimepakia viazi Molo katika baridi ile inayokaza vidole, nimekaa Rhonda, nimekaa Kisumu, nikarudi tena bondeni bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu mwingine. Sasa nimepita miaka arobaini na bado sijanunua kitanda kisichoweza kufunguliwa na kufungwa kwenye lori. Lakini kila kiangazi kinapoingia, vumbi jeupe la ziwani linapoanza kupanda juu ya mji wa Nakuru, akili yangu hurudi kwenye shamba moja upande wa Elmenteita. Nilifanya kazi huko katika miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja hivi, nimetoka sekondari karibuni. Sikumaliza miaka miwili pale. Hata hivyo sijawahi kuishi mahali ambapo watu walizungumza juu ya usawa kama walivyozungumza wale, wala mahali ambapo usawa uliniumiza namna ile.

Lilikuwa shamba la Mzungu, la ngano na ng'ombe wa maziwa. Maji yalitoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, yakavutwa na injini hadi kwenye tangi la chuma lililosimama juu ya miguu minne. Kutoka kwenye tangi lile mabomba yalikwenda njia tatu: moja kwenye nyumba ya bwana, moja kwenye hori la ng'ombe, na moja kwetu kwenye laini, yaani zile nyumba za udongo za wafanyakazi, zilizopangwa safu mbili kama meno. Mfereji wetu, lile bomba la kuchotea, ulikuwa mmoja. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvichumvi, na watoto waliokulia pale ungewajua kwa meno yao ya rangi ya chai. Nyumba chache zilikuwa tupu, tangu malori ya serikali yalipowachukua wenyewe katika Hali ya Hatari. Hakuna aliyetaka kuingia ndani yake. Magunia yao ya kulalia yalikuwa bado yapo.

Mimi nilikuwa karani wa maziwa. Niliandika ng'ombe gani ametoa kiasi gani, basi.

Mwaka ule mvua ilikosa. Kisima kikaanza kukohoa mchanga, bwana akaamuru mfereji wa laini ufunguliwe kwa saa moja tu kila asubuhi, kisha ufungwe kwa kufuli. Ufunguo akampa nyapara. Hapo ndipo tulipojifunza nyapara ana ndugu wangapi. Mke wake alichota kwanza, madebe sita, kisha shemeji zake, kisha wale waliompelekea kuku. Waliobaki walikinga matone yaliyokuja na matope, na siku nyingine hata hayo hawakuyapata.

Asubuhi moja wanawake wa laini waliokuwa wakikamua walikataa kwenda zizini. Walibeba madebe yao matupu hadi barabara ya shamba, wakayapanga chini kutoka ukingo hadi ukingo, wakakaa kando kimya. Gari la bwana likafika, likapiga honi, likasimama. Ng'ombe walikuwa wanalia kwa kujaa maziwa. Bwana aliyatazama madebe yale, akasema hataki kelele, tukapatane wenyewe jinsi ya kugawana, na nyapara arudishe ufunguo.

Tukakaa kikao jioni hiyo. Watu walisema mengi, kila mmoja akieleza shida ya nyumba yake, mpaka akasimama dereva wa ng'ombe wa kulima. Alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyezoea kuzungumza na maksai kuliko na watu.

"Tukianza kuhesabu shida, hatutalala," alisema. "Kila nyumba madebe mawili. Nyapara mawili. Mimi mawili. Hata malaika akihamia hapa kesho, yeye pia mawili."

Watu wakacheka, lakini walikuwa wamekwisha kukubali. Likabaki la ufunguo.

"Mpeni huyu karani wa maziwa," mtu akasema. "Hana ndugu hapa, hana bibi, hana hata paka. Atapendelea nani?"

"Atajipendelea mwenyewe!"

"Huyo? Huyo hata kuoga haogi."

Ndivyo nilivyopewa ufunguo. Wakachagua na wazee watatu wa kunisimamia, na sheria ikawa hivi: mfereji usifunguliwe saa nyingine yoyote ila wazee wakubali. Niliutia ufunguo kwenye uzi nikauvaa shingoni. Sikuwahi kuvaa kitu kilichonipa fahari kiasi kile, hata sare ya shule.

Kazi niliifanya kwa bidii. Siku za kwanza niliona madebe ya watu yananenepa: walikuwa wakiyagonga kwa ndani na jiwe ili matumbo yatoke nje, yachukue zaidi. Nikatafuta debe moja zuri lisilobonyea, likawa kipimo. Kila mtu alipimiwa kwa hilo, kisha akamiminiwa lake. Debe lako likiwa na tumbo kama la mjamzito, hiyo ni shauri yako.

Malalamiko hayakukosa. Kulikuwa na nyumba moja ya vijana wa kung'oa visiki, sita pamoja, na karibu nao mama mjane aliyeishi peke yake.

"Karani, sisi ni sita," waliniambia. "Yule mama ni mmoja. Hesabu ya shule yenu inasema nini?"

"Sheria inasema nyumba."

"Basi kesho tutajenga nyumba sita ya majani."

"Jengeni. Mtatoa wapi maji ya kukandia udongo?"

Hata wao walicheka. Na lazima niseme ukweli juu ya majuma yale ya mwanzo, ili yaliyofuata yasije yakanifanya niyasahau. Yalikuwa majuma mazuri. Mke wa nyapara alisimama kwenye foleni nyuma ya mama mjane. Siku za kwanza alikunja mikono akatazama milima. Juma la tatu nikamsikia akimwuliza yule mjane jinsi ya kumtibu kuku anayetoa makamasi, na juma la nne walikuja pamoja, wakaondoka pamoja. Watu waliacha kuamka alfajiri kupigania nafasi. Ugomvi wa wanawake ukapungua, na wanaume wakaacha kumwinamia nyapara njiani zaidi ya ilivyopasa. Niliona kwa macho yangu jinsi mtu anavyonyooka mgongo akijua kwamba chake kipo na hakuna wa kumwomba. Kwa hiyo nikisikia mtu leo anasema usawa ni ndoto za watu waliosoma, siwezi kumkubalia. Mimi niliufungua na kuufunga kwa ufunguo kila asubuhi.

Mkunga wa laini alikuwa mama mzee aliyetoka upande wa magharibi, na sote tulimwita Nyanya, hata wale waliomzidi umri. Asubuhi moja alikuja mwisho wa foleni. Nilipokwisha kumjazia yake mawili, hakuondoka.

"Karani, leo nipe la tatu."

"La nani, Nyanya?"

"La kazi yangu."

"Kazi kwa nani?"

Hakujibu. Pale kwetu mimba iliyokaribia haikutajwa mbele za watu. Waliogopa macho na midomo. Wanawake wote waliokuwa bado pale walijua, nakumbuka jinsi walivyoinama wakashughulika na vifuniko vya madebe yao. Mimi nilikuwa nimeishi bwenini tangu utoto. Huenda sikujua. Huenda nilijua, nikaona sheria ni kubwa kuliko desturi za wazee.

"Nyanya, nikikupa wewe, nimnyime nani?"

"Mpe tu, ni mzee," mtu mmoja akasema.

"Akipewa yeye na mimi nipewe," mwingine akadakia. "Mimi pia iko na kazi."

Nikafunga kufuli. "Madebe mawili kwa kila nyumba."

Nyanya alinitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe," akasema, "siku mama yako alikuzaa, alipanga foleni?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana nilidhani nimeshinda. Akajitwika debe moja, la pili akalishika mkononi, akaenda zake polepole.

Aliyekuwa karibu kujifungua alikuwa mke wa yule dereva wa ng'ombe. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka mmoja kabla, na hiyo ndiyo sababu Nyanya hakutaka kutajataja. Siku ile ile asubuhi, bila kudhani siku imefika, yule mama alikuwa amefua nguo na kuinjika maharagwe. Maji ya nyumba yao yakaishia huko. Uchungu ulimshika jua lilipopanda, ukawa uchungu mbaya, wa kwenda na kurudi bila mtoto kutoka. Nyanya akatumia debe lake la kwanza, akatumia na la pili.

Mchana nilikuwa katika banda la maziwa nikiandika. Dereva wa ng'ombe akaingia mbio, ameitwa kutoka shambani, kiboko cha maksai bado mkononi.

"Karani, fungua mfereji."

"Kuna nini?"

"Bibi yangu. Tangu asubuhi. Nyanya amemaliza yake, amemaliza yetu. Debe moja tu."

Ufunguo ulikuwa hapa, kifuani, chini ya shati. Kutoka banda la maziwa hadi mfereji hazikuzidi hatua mia mbili. Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikaenda.

Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyetoa sheria."

"Najua."

"Wazee walisema usifunguliwe mpaka wakubali. Nikifungua kwa kichwa changu, kesho nitamfungulia nani, nitamfungia nani? Nitakuwa nyapara."

Alisimama akihema. Nilingoja anitukane, au anipige. Alikuwa na nguvu za kuninyang'anya ufunguo kwa mkono mmoja. Jambo ambalo sijaweza kulizoea mpaka leo ni kwamba alikubaliana na mimi.

"Ni kweli," akasema. "Wazee wako wapi?"

"Wanang'oa vichaka vya leleshwa, kule chini ya kilima."

"Wacha nikimbie."

Akakiegemeza kiboko ukutani, akakimbia. Kulikuwa mbali. Nyumba ya bwana ilikuwa karibu zaidi, lakini wenyewe walikuwa wamekwenda mjini, na mbwa walikuwa wameachwa wazi. Nikarudi kwenye daftari langu, nikaandika. Nilijisikia mtu mwema, mwenye huzuni kidogo kwa sababu ya ugumu wa wajibu.

Baada ya muda nikaona wanawake wakipita mbele ya banda, mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe cha bati au kibuyu kidogo amekifunika kwa kiganja. Nikaona ajabu. Nikafikiri wameanza kuuziana maji, jambo tulilokuwa tumelikataza. Nikatoka nikamsimamisha mmoja. Alikuwa mke wa nyapara.

"Mama, hiyo maji inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwa mtu."

"Kuuziana tulikataa kwenye kikao."

Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha marehemu bila kujua. "Karani," akasema, "toka kwa njia."

Akapita akiangalia kikombe chake kisimwagike. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila nyumba ilikuwa inapunguza katika kidogo ilichobakiza, na hakuna aliyeitisha kikao, na hakuna aliyepimiwa. Nikakimbia kwenye mfereji. Kufuli likakataa, kisha likafunguka. Debe lilikuwa linajaa nilipomwona dereva wa ng'ombe akitokea upande wa kilima, jasho limemfanya mweupe kwa vumbi, mkononi ameshika kofia ya mmoja wa wale wazee. Mzee alimpa kofia iwe ushahidi kwamba amekubali. Alipoona maji yanatoka tayari, alisimama na ile kofia, hakujua aifanyie nini.

Tulibeba debe pamoja, mimi upande huu, yeye upande ule. Tulipokaribia mlango tukasikia mtoto analia.

Alikuwa msichana. Mama yake alikunywa uji siku ile, akacheka na wenzake. Lakini Nyanya alikuwa ameketi nje, mikono imelala mapajani, na aliponiona akasema kwa sauti ya kawaida kwamba vikombe vilikwisha kabla mtoto hajatoka, mtu akaenda akachota kwenye hori la ng'ombe. Hawakuwa na nafasi ya kuyachemsha vizuri.

Siku ya tatu homa ikampanda yule mama. Siku ya nne bwana akatoa lori, akapelekwa hospitali Nakuru. Akafia huko, tukamzika huko huko mjini, wanaume kumi na moja nyuma ya lori tukishikilia jeneza lisigonge.

Sijui kama ni yale maji. Wanawake hufa kwa uzazi hata kando ya mito. Tuliambiwa ni homa ya uzazi, na hakuna aliyejua kuuliza zaidi. Debe moja mchana ule, nilipoombwa, lingefanya nini? Nimejiuliza swali hili Molo, nimejiuliza Kisumu, nimelibeba kila nilikohamia pamoja na sufuria zangu. Najua tu kwamba niliombwa na nilikuwa na ufunguo.

Matanga yalipokwisha tukaitwa kikaoni. Nyapara ndiye aliyesimama kwanza, na hakupandisha sauti.

"Mmeona," alisema. "Hii usawa yenu imeua mtu. Watu si sawa. Mmoja ni mgonjwa, mmoja ni mzima, mmoja iko na watoto saba. Nipeni ufunguo. Mimi nawajua, najua nani ana shida."

Wengi wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nilikuwa mmojawao, kwa sababu kila neno alilosema lilikuwa kweli. Ndipo akasimama mfiwa mwenyewe. Mtoto alikuwa kwa jirani aliyekuwa akimnyonyesha pamoja na wake.

"Wewe ukishika ufunguo ndiyo ujue shida zetu," alisema, "tutakuwa tunakuja kwa mlango wako kuzionyesha, kama mtu wa kidonda anaonyesha mguu sokoni. Kila asubuhi. Mwenye kulia vizuri atapata. Hapana. Ile sheria ni yangu, na ibaki: mawili. Lakini Karani asishike ufunguo tena."

Hakunitazama. Nikauvua, nikaupeleka mbele. Hakuna aliyenitukana, na ningefurahi kama mmoja angenitukana.

Wakampa Nyanya. Asubuhi iliyofuata alikuja na chungu kikubwa cha kupikia pombe, akakiweka kando ya mfereji.

"Mawili ni mawili," alisema. "Lakini kila nyumba, kabla ya kwenda, kikombe kimoja ndani ya hii chungu. Itakwenda kwa nani, hiyo ni yangu kujua."

"Sisi sita tutoe vikombe sita?" wakauliza vijana wa visiki.

"Nyinyi ni nyumba moja. Toeni kimoja na mwache kelele."

"Na wewe ukikunywa yote?"

"Basi mtaniona nimenenepa."

Walinung'unika, wakatoa. Maji ya chungu yalikwenda mahali fulani kila siku kabla ya saa sita, na wengi hawakujua ni wapi. Siku nyingine ulikuta mzee mgonjwa ameoshwa. Siku nyingine hukukuta kitu, ukaamini tu. Nilisikia wawili watatu wakisema Nyanya anawapendelea watu wa kwao. Inawezekana. Alikuwa binadamu.

Tangu wakati huo nimesikia mengi juu ya usawa, mengi zaidi baada ya uhuru, kutoka kwa watu waliosimama juu ya majukwaa na watu waliokaa chini yake. Huwa nasikiliza nikimkumbuka nyapara, aliyesema kweli kwa nia mbaya, na mimi, niliyefanya haki kwa mkono mgumu. Kipimo kimoja kilituokoa na mtu mmoja. Kisha kikamkuta mtu ambaye hatoshi katika kipimo. Na jambo jingine naliona sasa ambalo siku zile hatukulizungumza hata mara moja: katika miezi ile yote bomba la nyumba ya bwana liliendelea kumwagilia waridi zake, asubuhi na jioni, kutoka tangi lile lile. Tulipimana sisi kwa sisi hadi tone. Juu ya waridi hatukuwa na kikao.

Niliacha kazi kabla mvua haijaja. Asubuhi ya mwisho nilipanga foleni na debe langu, na mbele yangu alikuwa dereva wa ng'ombe, mtoto amefungwa mgongoni kwa shuka. Wanaume wa kule hawakubeba watoto hivyo, na vijana wa visiki hawakuliacha jambo hilo lipite.

"Mama, shikamoo! Mtoto amelala?"

"Amelala," akajibu bila kugeuka. "Ninyi ndio mnamwamsha."

Akajaziwa mawili yake. Akachota kikombe, akakimimina katika chungu. Nilijua maji mengi ya chungu kile yalikuwa yakirudi nyumbani kwake, kwa nepi za mtoto. Tangu siku ile ya debe tulikuwa tumesalimiana tu. Sijui ni nini kilichonisukuma.

"Ndugu," nikasema taratibu, "wewe si lazima utoe."

Akatazama ndani ya chungu, si mimi.

"Lazima," akasema. "Nisipotoa, nitakuwa mtu wa kupewa."

Akamsogeza mtoto juu kidogo mgongoni, akainua madebe yake. Ilikuwa zamu yangu. Nyanya akanijazia, nikachota kikombe, nikakimimina, na maji yakaingia ndani ya maji mengine bila kuonyesha mahali.

"Songa, Karani," Nyanya akasema. "Nyuma yako kuna watu."